Kadi Iliyosingiziwa

Yeyote aliyewahi kucheza gemu za mtandaoni kwa kompyuta ya mezani anaujua mfuatano wake. Skrini inakuwa nyeusi. Sauti iliyokuwa ikilia inakwama mahali pamoja na kujirudia. Feni za kadi ya grafiki zinavuma kwa nguvu, kioo kinarudi, na gemu haipo tena. Ukienda kufukua kwenye kumbukumbu ya matukio ya Windows unakuta mstari mkavu: draiva ya onyesho iliacha kuitikia, imerejeshwa. Jina la draiva limeandikwa, saa imeandikwa, mtuhumiwa anajulikana.

Nimeishi na mstari ule kwa miezi, na nilichotoka nacho ni hiki: mashine inapolalamika, hutaja jina la aliyeanguka. Nani aliyemsukuma ni swali jingine, na hilo mashine hailijibu.

Gemu ilikuwa Dota 2, watano kwa watano, mechi ya dakika 40 hivi ikiwa hakuna upande uliozembea. Timu yetu ilikuwa ya ukoo na urafiki: mimi na mpwa wangu tuliopo Tabata, Dar, binamu yangu aliyeko Muscat, rafiki mmoja Mombasa, na wa tano yeyote atakayepatikana. Binamu ni wa wale ndugu wa Kizanzibari ambao wazazi wao walihamia Omani. Kiswahili chake bado ni cha Mji Mkongwe, ila akikasirika hubadili lugha. Kwa ajili yake tulichezea seva ya Dubai. Dota haina huruma na mtu anayetoweka. Ukitoka mechini zikapita dakika 5 hujarudi, unahesabiwa umewatelekeza wenzako, na unatupwa kwenye foleni ya adhabu pamoja na watoro wengine. Kwa diski niliyokuwa nayo wakati huo, gemu kufunguka upya na mimi kurudi uwanjani kulikaribia kabisa dakika hizo 5. Wenzangu wanne walizimaliza wakijificha porini, wakinitukana kwa adabu.

Kadi yenyewe ilikuwa na rekodi mbaya. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliachana na uchimbaji wa kutumia kadi za grafiki. Kazi iliyokuwa ikilipa umeme wa mabanda mazima ya kadi ilikwisha siku hiyo, na kadi zikaanza kumwagika kwenye masoko ya mitumba duniani kote. Yangu niliikuta Kariakoo muda mfupi baadaye, imefutwa vumbi, haina boksi, bei ya kuvutia. Muuzaji hakusema ilikotoka, wala hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Kwa hiyo ilipoanza kuanguka katikati ya mapigano, hukumu ilitoka kabla kesi haijasikilizwa. Rafiki wa Mombasa alisema, "Hiyo imechimba mpaka imekwisha, bwana. Itupe." Mpwa wangu, wa kizazi kinachoamini kila tatizo ni la toleo, akasema, "Mjomba, futa draiva, weka ya zamani." Binamu, ambaye kiangazi cha Muscat humweka ndani na nyuzi 40 na ushee nje ya dirisha, akasema, "Joto hilo. Fungua ubavu wa keisi, elekeza feni." Kila mmoja alikuwa na ushahidi, na ushahidi ulikuwa mmoja: kwake ilishatokea, akafanya hivyo, ikapona.

Naamini walikuwa wakisema kweli, na ndiyo maana ushauri wa namna hiyo haufai kitu. Hitilafu inayokuja na kuondoka inaweza kutulia yenyewe siku tatu nne bila kuguswa. Chochote ulichofanya siku moja kabla ya utulivu huo kinachukua sifa. Hitilafu ya aina hii humsifia kila mganga.

Mstari ule wa Windows nao una kisa chake. Tangu Windows Vista, mfumo huipa kadi sekunde 2 kumaliza kazi iliyokabidhiwa. Zikipita bila jibu, Windows inaizuia draiva, inaianzisha kadi upya, na kuandika tukio namba 4101. Ni ulinzi mzuri. Zamani kompyuta ingeganda mpaka uchomoe waya ukutani. Lakini angalia kinachopimwa: ni ukimya tu. Kadi inaweza kunyamaza kwa sababu draiva ina kosa, au kumbukumbu yake imeharibika, au imezidiwa na joto, au gemu imeipa kazi isiyo na mwisho, au umeme unaoilisha umeyumba kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho. Yote hayo huishia kwenye mstari uleule mmoja. Upo ushauri maarufu wa kuingia kwenye rejista ya Windows na kuzigeuza sekunde 2 ziwe 8 au 10. Sikuufuata. Unaongeza muda wa kusubiri, huongezi jibu.

Draiva nilizimaliza haraka. Niliiwasha Windows katika hali salama, nikaifuta iliyokuwapo kwa programu ya DDU, ambayo husomba mpaka masalia, nikaweka ya karibuni, kisha ya zamani. Pakatulia siku kadhaa, mpwa wangu akajipongeza. Jumamosi usiku, tumebakiza mnara mmoja tushinde, skrini ikawa nyeusi.

Joto lilistahili kusikilizwa zaidi, maana Dar ni Dar, na chumba changu kinatazama magharibi. Ila mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kadi za kisasa zina kinga: joto likifika kiwango chake, ambacho kwa nyingi ni nyuzi 80 na kitu, hujipunguzia kasi zenyewe. Kadi inayoumwa joto huanza kwa kuwa nzito. Picha zinadondoka kutoka fremu 120 kwa sekunde hadi 70, unaona, unakereka, na kadi bado inafanya kazi. Yangu haikuwa inapunguza kasi. Ilikuwa inaanguka ghafla, ikiwa na nyuzi 68 au 70, hali ya afya kabisa. Niliifungua hata hivyo nikabadilisha pesti ya joto, kwa kuwa iliyokuwamo ilikuwa imekauka imekuwa unga, nikatoa na vumbi ambalo muuzaji alilisahau ndani ya mapezi ya alumini. Nyuzi zikashuka vizuri. Mianguko ikabaki palepale.

Kisha, Mei 2024, tukapewa maabara bila kuiomba. Tarehe 12, siku ya Jumapili, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Seva ya Dubai ikawa haifikiki. Mpaka hapo mpwa wangu, baada ya draiva, alikuwa ameugeukia mtandao na hajaacha kuutuhumu. Alishikilia kwamba gemu inapokosa mawasiliano na seva ndipo inapochanganyikiwa na kuangusha kadi. Mimi nilikuwa nikimwambia kwamba mtandao ukikatika dalili zake ni nyingine: picha inabaki, mshale wa panya unatembea, mashujaa ndio wanaosimama kama waliosahau walikokuwa wakienda. Hatukuwa na njia ya kumaliza ubishi. Mikongo ilipokatika tulifungua mechi ya ndani ya kompyuta, mimi dhidi ya roboti za gemu, hakuna seva, hakuna Dubai. Kadi ikaanguka kabla ya nusu saa. Mtandao ukaondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa, na mpwa wangu akaanza kuvutiwa na kesi.

Mwaka huohuo, mbali sana na Tabata, kesi kubwa zaidi ya namna hii ilikuwa ikisikilizwa. Watu wenye kompyuta za gharama walikuwa wakiangushwa kwenye gemu zilizojengwa kwa injini ya Unreal, na ujumbe uliowatokea ulisema kumbukumbu ya video imekwisha. Kumbukumbu ya video ni mali ya kadi ya grafiki, na baadhi yao walikuwa na kadi za gigabaiti 24, hawaelewi zimekwishaje. Lawama zikaenda kwa watengenezaji wa kadi na wa gemu. Aprili 2024 Nvidia iliwaelekeza wateja hao waende kuiuliza Intel, kwa kuwa wengi walikuwa wakitumia prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14. Julai, Intel ikakiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zikipelekewa volti kubwa kuliko inavyotakiwa. Agosti ikatoa marekebisho ya mikrokodi, na ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Prosesa iliyodhoofishwa na volti ilikuwa ikikosea hesabu wakati gemu inafungua data iliyobanwa na kuandaa michoro. Kosa lilizaliwa kwenye prosesa, likajitangaza kwa jina la kadi.

Nilipousoma mwenendo ule niliacha kuitazama kadi, nikaanza kutazama kila kinachoigusa.

Kilichonipa njia ni FurMark, programu ya kuitesa kadi kwa kuizungushia pete yenye manyoya mpaka ichoke. Niliiacha izunguke karibu saa nzima, kadi ikiwa kwenye asilimia 99 ya uwezo wake, nami nimekaa pembeni nasubiri ianguke. Haikuanguka. Nikaingia kwenye gemu, ambayo kwa wastani inaitumikisha kadi kidogo kuliko ile pete, na pigano moja la mashujaa kumi likatosha. Hapo palikuwa na jambo. Kadi ilivumilia mzigo mzito uliotulia, ikashindwa na mzigo mwepesi unaoruka. Dota iko hivyo: unatembea msituni peke yako, kadi inapumzika, ghafla watu kumi wanafyatua kila uchawi walio nao mahali pamoja. Kadi iliyoandikwa wati 220 inaweza kuvuta zaidi ya hizo kwa muda wa milisekunde chache, kisha ikashuka. Kipimo cha kawaida hakioni kilele hicho. Kinachokiona ni pawa saplai.

Jambo la pili lilikuwa saa. Nilipoanza kuandika nyakati, mianguko ilijikusanya kati ya magharibi na saa nne usiku. Alfajiri, nilipocheza na binamu kabla hajaenda kazini, kompyuta ilikuwa shwari.

Nikaibeba nzima hadi Kariakoo, kwa fundi mzee ambaye maisha yake yote kabla ya kompyuta yalikuwa redio na televisheni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Inaumwa nini?"

Nikamweleza habari ya kadi. Hakuigusa. Aliniuliza ninakaa wapi, inazima saa ngapi, na kama taa za nyumbani hufifia jokofu linapowaka. Kisha akafungua pawa saplai kutoka kwenye keisi, akaipima uzito kwa kiganja, akacheka. "Hii nyepesi."

Akanionyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni. Kwa herufi kubwa, wati 750. Chini yake, jedwali la herufi ndogo ambalo sikuwahi kuona mtu akilisoma dukani: mstari wa volti 12, ampea 32. "Zidisha," akasema. Mara 12 ni wati 384. Kadi na prosesa vyote viwili hula kwenye mstari huo wa 12. Kadi peke yake 220, prosesa mia na kitu, na vilele juu yake. Zile 750 zilikuwa za kupamba boksi. Tena soketi zote mbili za umeme wa kadi zilikuwa zimetoka kwenye waya mmoja uliogawanywa mwishoni. Na kwenye mstari wa kwanza kabisa, umeme wa kuingia: volti 200 hadi 240.

"Nyumbani kwako usiku unapata ngapi?"

Sikujua. Akaniazima mita. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 230. Soketi ya chumba changu saa mbili usiku, majirani wote wamerudi, pasi na majokofu na viyoyozi vinafanya kazi, ilisoma 191.

Niliporudisha mita alikuwa ameshafungua kasha la pawa saplai. Hilo, tafadhali, lisifanyike nyumbani: kapasita za ndani hubaki na chaji kubwa hata baada ya waya kuchomolewa, na fundi mwenyewe alizimaliza chaji kwanza kabla ya kuingiza kidole. Vichwa vya kapasita mbili vilikuwa vimevimba, kimoja kimetoa ute wa kahawia. Alinieleza kwa tenki la maji la juu ya paa. Bomba la mtaa likiwa na presha na tenki likiwa zima, watu wanne wakifungua koki kwa pamoja hakuna anayegundua. Presha ikipungua na tenki likawa limepasuka nusu, mmoja akifungua koki kidogo kidogo anapata maji; wanne wakifungua ghafla, wa ghorofa ya juu anabaki na sabuni mwilini. Kapasita ndiyo tenki. Pete ya manyoya ni yule wa kidogo kidogo. Na kwa upande wa umeme, anayebaki na sabuni ni kadi, ndiyo maana jina lake ndilo linaloandikwa.

Maelezo yalikuwa mazuri, lakini hata ya Mombasa yalikuwa mazuri. Nilitaka kuona.

Kwanza, kwa pawa saplai ileile, nilipunguza kiwango cha juu cha umeme wa kadi hadi asilimia 70 kwa programu ya kuirekebisha. Fremu zilipungua kidogo tu, kiasi ambacho jicho langu halikujali, na jioni zikapita salama. Hiyo ni dalili, haijawa ushahidi. Kisha nikaazima pawa saplai ya jirani anayehariri video za harusi, ya wati 650 lakini za kweli, inayokubali umeme wa kuingia kuanzia volti 100. Nikarudisha kadi kwenye asilimia 100. Wiki ikapita, jioni zote, hakuna kilichoanguka. Timu ikafungua mjadala wa nani alikuwa wa kwanza kusema si kadi, kumbe wote.

Hapo ndipo nilipoitoa ya jirani na kuirudisha ile mbovu.

Mpwa wangu alishika kichwa. "Mjomba, si imepona? Sasa unairudishia ugonjwa wa nini?"

Kwa sababu nilipobadilisha pawa saplai nilibadilisha na mengine bila kukusudia. Nilichomoa kadi na kuichomeka upya, na kadi iliyokaa vibaya kwenye nafasi yake huleta dalili hizohizo. Nilipuliza vumbi. Niligusa kila waya. Mvua zilikuwa zimepoza hewa, na majirani hawakuwa wakiwasha viyoyozi kama mwezi uliotangulia. Lolote kati ya hayo lingeweza kuwa ndilo lililotibu, na pawa saplai ya jirani ikapewa sifa ya bure. Kurudisha kilichotolewa, mengine yote yakibaki yalivyo, ndiyo njia pekee niliyoijua ya kutenganisha. Jioni ileile, Enigma, shujaa wa upande wa pili, alipotukusanya wote watano kwa uchawi wake wa Black Hole, skrini ikawa nyeusi na sauti ikakwama. Nilifurahi kuliko ningefurahia kushinda mechi. Wenzangu hawakuiona furaha hiyo kwa jicho nililoiona mimi.

Mafundi wengi hawafiki hapo, na siwalaumu sana. Mteja anataka kitu kizima, hataki hadithi. Anayebadilisha draiva, pesti, waya na pawa saplai kwa mkupuo mmoja ataondoka na pesa yake na shukrani zako. Tofauti huonekana kwenye mfuko. Ningeisikiliza Mombasa ningeitupa kadi nzima na kununua nyingine, ambayo kwa vyovyote ingekuwa mpya zaidi na yenye njaa zaidi, na kuichomeka kwenye pawa saplai ileile yenye kapasita zilizovimba. Ningeirudisha dukani nikidai wameniuzia mbovu. Muuzaji angeipima kwake, kwenye umeme wake wa mchana, ingewaka vizuri, na tungegombana wote wawili tukiwa wakweli.

Kadi ile ya uchimbaji bado ninayo. Nilinunua pawa saplai nyingine, safari hii nikisoma jedwali la herufi ndogo huku muuzaji akinisifia herufi kubwa, nikavuta nyaya mbili tofauti hadi kwenye kadi, na mbele ya yote nikaweka stabilaiza. Nikaweka pia kikomo cha fremu, ili kadi isijitume bure kwenye ukurasa wa menyu ambako hakuna kinachotendeka. Hilo nililichukua kwenye sakata la gemu ya New World, Julai 2021, ambapo kadi kadhaa ghali za RTX 3090 zilikufa wakati wa majaribio ya gemu hiyo. Wachezaji waliishambulia gemu. Waundaji wake wakaongeza kikomo cha fremu kwenye menyu. Na baadaye kampuni ya EVGA, iliyotengeneza baadhi ya kadi hizo, ikaeleza kwamba zake zilizokufa zilikuwa na ulehemu hafifu. Gemu ilisukuma, lakini ilimsukuma aliyekuwa tayari amelegea. Kesi nyingine huwa na wakosaji wawili.

Mwezi uliopita binamu alinitumia picha ya skrini yake. Mstari uleule, tukio lilelile la 4101. "Kadi imekufa, ndugu yangu," akaandika, na chini yake bei ya mpya kwa riali. Nilimuuliza saa. Hazina mpangilio. Nikamuuliza umeme, akacheka, Muscat umeme haumpi shida hiyo. Ile pete ya manyoya ilizunguka bila tatizo. Nikamuuliza nini kimeingia ndani ya keisi karibuni, akasema hakuna, kisha baada ya muda akakumbuka kijiti cha RAM alichoongeza wakati wa punguzo la bei. Akaendesha MemTest86 usiku kucha, asubuhi akakuta skrini imejaa mistari myekundu. Alikitoa kijiti, na tangu hapo kompyuta imetulia.

Nikamwambia akirudishe.

"Wallahi wewe una wazimu," akasema, na mengine akayamalizia kwa Kiarabu. Tumekubaliana Ijumaa, siku yake ya mapumziko, baada ya sala. Sharti lake ni kwamba tucheze na roboti.